Kushusha Sauti ya Redio Usiku Bila Kuipoteza

Nyumba zetu zimebanana. Mji wa Kale, dirisha la huyu latazamana na dirisha la yule, na mwezi wa Ramadhani sahani ya futari hupita juu ya kichochoro kutoka mkono hadi mkono. Majengo na Kisauni, nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mmoja katikati na vyumba pande mbili, kila chumba na watu wake. Joto likizidi madirisha hufunguliwa, na kinachosikizwa na mmoja husikizwa na wote. Mchana si neno. Usiku ndipo mambo yanapoharibika, na mara nyingi si kwa sababu mtu ana dharau, bali kwa sababu redio yake haijui kusema kwa sauti ya chini. Ama iko kimya, ama inanguruma.

Nayasema haya kwa kuwa yalitukuta nyumbani. Mzee wetu alipata kiharusi, na tangu hapo hapati usingizi pasi na kusikia kisomo. Ana amplifaya aliyoinunua enzi za kanda, pamoja na spika mbili za mbao ambazo zamani zilimpigia Juma Bhalo na Zein l'Abdin. Sisi tukamuunganishia deki ya DVD yenye kuchukua flashi, ndani yake tukatia visomo vya Sheikh Abdulbasit. Ukizungusha kidude cha sauti kidogo, husikii kitu. Ukikigusa tena kwa unywele, kisomo kinafika msikitini. Na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mzazi, mtoto wake hajatimiza hata arubaini.

Usiku wa tatu mlango ukabishwa. Alikuwa kijana wa miaka minane hivi.

"Shikamoo. Mama asema mtoto ndio mwanzo alale. Mupunguze kidogo."

Tukapunguza, kisomo kikapotea, mzee akafungua macho. Tukaongeza, mtoto akalia. Hivyo ndivyo tulivyokesha. Jirani hakukasirika, na hilo ndilo lililotutia haya zaidi.

Nikadhani kidude kimekufa. Nikapeleka amplifaya kwa fundi, akatia kipya, nikalipa, nikarudi nyumbani, na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Jina la fundi halina haja hapa, kwani kosa lake hufanywa na wengi na nitalieleza mbele. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba kidude hakikuwa na ubovu mkubwa. Kilichozidi ni nguvu ya sauti inayoingia kwenye amplifaya.

Fikiria bilula ya maji. Tangi likiwa juu sana na maji yana kasi, ukifungua bilula kidogo tu yanakurukia usoni. Unaweza kubadilisha bilula kila mwezi, bado yatakurukia. Dawa ni kupunguza kasi kabla maji hayajafika kwenye bilula. Ukifanya hivyo, bilula ile ile iliyokuwa ikikuaibisha inaanza kukutii, unapata mchirizi mwembamba unaoutaka. Redio ni vivyo hivyo.

Tuingie kwenye hesabu kidogo, si nyingi. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 ya umeme hutoa kama desibeli 88 kwa mtu aliyekaa mita 1 mbele yake. Watu wawili wakizungumza kwa utaratibu ni kama desibeli 60. Sasa, kila unapoongeza desibeli 10 umeme unaohitajika huwa mara 10, ingawa sikio husikia kama kwamba sauti imezidi mara mbili tu. Ukirudi nyuma ndivyo hivyo hivyo: toa 10, wati inakuwa sehemu moja ya kumi, toa 20, sehemu moja ya mia, toa 30, sehemu moja ya elfu. Kwa hivyo kisomo cha desibeli 58, chini kidogo ya mazungumzo, kinataka sehemu moja ya elfu ya wati. Ukitaka kile cha desibeli 48, cha kumlaza mgonjwa, ni sehemu moja ya elfu kumi. Na sisi tunanunua amplifaya za wati 50 na 100, halafu tunazitaka zifanye kazi ya kuchokoa kwa sindano.

Kwa wenye kutaka kujua sheria yasemaje, kanuni za kelele za mwaka 2009 zilizo chini ya sheria ya mazingira ya Kenya zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku wahesabiwa kuanzia saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Desibeli 35 ni kidogo sana, karibu na mnong'ono. Sijamwona aliyeshtakiwa kwa kisomo cha baba yake, wala sipendi ujirani wetu ufike huko. Lakini ni vyema kujua kwamba jirani anapobisha mlango saa nne ya usiku, haki iko upande wake.

Sasa kwa nini nguvu inazidi? Amplifaya nyingi za zamani zilitengenezwa kwa ajili ya deki za kanda na redio, vyombo vilivyotoa umeme mdogo wa sauti. Nyingi zinatosheka na millivolti 150 tu ili zifikie nguvu zao zote. Kisha mwaka 1982 zikaingia CD sokoni, na vicheza CD vikaja na kawaida ya kutoa hadi volti 2. Deki za DVD na vyombo vingi vya leo vimefuata mkondo huo. Gawanya volti 2 kwa millivolti 150: ni mara 13 na zaidi ya kile amplifaya inachohitaji. Ndio kusema ile nafasi yote ya kuzungusha, kutoka 0 hadi 10, imebanwa kwenye kipande kidogo cha mwanzo. Kilichobaki ni kelele na kuunguza spika.

Hapa ndipo linapoingia kosa la fundi. Kile kipande kilicho nyuma ya kidude, ambacho mafundi wenyewe hukiita voliumu, kiko cha aina mbili ambazo kwa macho hufanana kama mapacha. Katika vifaa vingi vitokavyo Asia, mgongoni pameandikwa herufi na namba, mfano A50K au B50K. Namba ni kiasi cha ukinzani. Herufi ndiyo yenye siri. B hupitisha umeme sawasawa na unavyozungusha: ukifika nusu, umepita nusu. Kwa karatasi yaonekana haki, lakini sikio halisikii hivyo. Nusu ya umeme wa sauti ni upungufu wa desibeli 6 tu, mabadiliko ambayo mtu aliye chumba cha pili huenda asiyatambue. Na ukiirudisha B mpaka sehemu moja ya kumi ya mzunguko, umepunguza desibeli 20 peke yake. Sauti zote za chini, zile za usiku, zinabaki kwenye mwendo mdogo kuliko upana wa punje ya mchele.

A imetengenezwa kwa ajili ya sikio. Mwanzoni huenda polepole sana, kisha huongeza kasi kadiri unavyopanda. Ukiwa nusu ya mzunguko imepitisha kama sehemu moja ya kumi tu, na sikio linasema, naam, hapa ndipo nusu. Fundi wangu alikuwa na B dukani, ikaingia tundu, ikafanya kazi, akaitia. Ukipeleka chombo chako kubadilishwa voliumu, mwambie kabla hajashika pasi ya kulehemu: tazama herufi ya ile ya zamani, nitilie kama hiyo. Tahadhari moja: katika vifaa vikongwe vya Ulaya herufi hizo huweza kuwa na maana iliyogeuzwa, basi hapo fundi apime kwa mita asitegemee maandishi.

Jambo jingine la pwani yetu ni chumvi. Hewa ya bahari hula vyuma, na voliumu ina ulimi wa chuma unaoteleza juu ya njia nyembamba. Ukisikia mkwaruzo unapozungusha, au spika ya kushoto inaanza kabla ya kulia, kwanza jaribu kusafisha kwa dawa ya kupulizia iliyotengenezwa mahsusi kwa viungo vya umeme, amplifaya ikiwa imechomolewa ukutani, kisha zungusha mara ishirini huku na huku. Usitie mafuta ya kulainisha bawaba. Lakini jua pia kwamba hata voliumu mpya ina njia mbili, moja ya kila spika, na mwanzoni mwa mzunguko njia hizo hazilingani vizuri. Ndio maana kwa sauti ya chini kabisa upande mmoja hupotea. Njia ya kulikwepa hilo ni kutokaa pale mwanzoni, na hiyo ni sababu nyingine ya kupunguza kasi kabla ya bilula.

Vipi kupunguza? Anza na lisilo na gharama. Ikiwa sauti yatoka kwenye simu, kompyuta au king'amuzi, vyombo hivyo vina sauti zao wenyewe. Wengi wetu tumezoea kuiweka simu juu kabisa kisha tunahangaika na wufa. Usiku fanya kinyume: shusha simu mpaka nusu au chini kidogo ya hapo, halafu pandisha wufa mpaka upate kiasi chako. Wufa nyingi za siku hizi zenye rimoti huenda kwa hatua, na hatua ya kwanza yaweza kuwa tayari ni kubwa kwa saa sita ya usiku. Ukiwa umeshusha simu, utazitumia hatua za katikati, ambako kila moja huongeza kidogo. Usishushe simu mpaka karibu na sufuri, maana hapo utaanza kusikia mvumo wa wufa yenyewe ukishindana na muziki.

Wapo wanaosema ukishusha sauti kwenye simu unaharibu ubora. Kuna ukweli mdogo. Kwa sauti ya kidijitali ya biti 16, kila desibeli 6 unazopunguza zinachukua kama biti moja. Ukipunguza 20 umepoteza biti tatu na ushei, umebakiwa na kumi na mbili na kitu, ambayo bado ni safi kuliko kanda tulizokulia nazo. Sioni haja ya kumkosesha mtoto usingizi kwa ajili ya biti tatu.

Bluetooth ina tabu yake. Simu nyingi za Android zina ngazi 15 za sauti, na zinapounganishwa na spika huamua kwamba ngazi ya simu na ya spika ni kitu kimoja: ukigusa huku, kule kunafuata. Matokeo yake una ngazi 15 basi, na ngazi ya 1 ni kubwa mno. Unaweza kuzitenganisha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta mahali palipoandikwa habari za simu, gonga nambari ya muundo mara 7, na sehemu ya wasanidi programu itafunguka. Humo mna kitufe cha kuzima sauti kamili ya Bluetooth. Kizime kwa maana ya kukiwasha hicho kitufe cha kuzima (ndivyo kilivyoandikwa, si mimi), kisha katisha Bluetooth na uunganishe upya. Baada ya hapo, ikiwa spika yako ina sauti yake yenyewe, unashusha ya spika kwanza, na zile ngazi 15 za simu zinakuwa hatua ndogo ndogo. Mengine ya sehemu hiyo usiyaguse.

Deki yetu haikuwa na sauti kwenye rimoti. Kwa chombo cha namna hiyo kuna dawa ya rezista, na ndiyo niliyoitumia. Kwa kila upande, wekundu na weupe, unahitaji rezista mbili za robo wati. Ya kwanza, ya kilo-omu 10, inakaa kwenye njia ya sauti kutoka deki kwenda amplifaya. Ya pili inaanzia pale ya kwanza inapoishia, upande wa amplifaya, na kwenda kwenye waya wa nje wa kebo, ule wa ardhi. Ya pili ikiwa ya kilo-omu 4.7, sauti itapungua kama desibeli 10. Ikiwa ya kilo-omu 1, itapungua kama 21, yaani itabaki sehemu moja ya kumi na moja. Kwa deki ya volti 2 na amplifaya ya millivolti 150, hiyo ya kilo-omu 1 inarudisha mambo karibu kabisa na pale mtengenezaji alipotaka yawe. Rezista nne kwa jumla, shilingi chache, na fundi yeyote wa redio atakulehemia ndani ya kikopo kidogo chenye matundu ya plagi. Kikopo kikae karibu na amplifaya, kebo inayotoka hapo iwe fupi. Zipo pia plagi za kupunguza zilizo tayari, unachomeka tu, ukibahatika kuzipata.

Uzuri wa njia hii ni kwamba amplifaya haifunguliwi. Ndani ya amplifaya kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na si mahali pa kujifunzia. Na nisisitize hili kwa sababu nimeliona likifanywa: rezista hizi ni za kebo inayoingia kwenye amplifaya, si za nyaya ziendazo kwenye spika. Ukizitia huko, sauti itakaribia kupotea kabisa.

Liko jambo ambalo rezista haliwezi. Ukishusha sauti, besi hupotea kabla ya vingine. Si redio, ni sikio. Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani walilipima mwaka 1933: kwa sauti ya chini sikio la mwanadamu huwa zito kwa ngurumo na zito kidogo kwa sauti nyembamba, lakini la katikati, la maneno, hulisikia vyema. Ndio maana usiku taarabu husikika kama imekonda, nyuzi nene za udi hazipo, ngoma imebaki kugonga tu. Amplifaya za zamani zina kitufe kilichoandikwa LOUDNESS kwa kazi hiyo, huongeza besi sauti inapokuwa chini.

Mimi usiku sikiwashi. Ukuta wa mawe ya matumbawe huzuia maneno na sauti nyembamba vizuri, lakini besi hupita kwenye ukuta, hupita kwenye boriti, hushuka sakafuni, na jirani husikia mdundo bila wimbo, jambo linaloudhi kuliko wimbo wenyewe. Kwa kisomo na maneno, besi haina faida. Mwenye wufa arudishe kidude cha besi nyuma kabisa ikifika saa nne, ainue lile sanduku kutoka sakafuni na kuliweka juu ya kipande cha godoro, mbali na ukuta wa jirani.

Na spika zisogezwe. Mahali pasipo na kuta, ukipunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 zaidi sikioni bila kuongeza kitu. Chumbani ni pungufu kidogo ya hapo, bado ni nyingi. Spika zetu zilikuwa juu ya kabati, ukuta wa mbele, mita tatu kutoka kitandani, zikimwimbia kila mtu isipokuwa mgonjwa. Tukashusha moja, tukaiweka kwenye kigoda karibu na mto, mgongo wake kwa ukuta wa upande wa kichochoro na si ule wa mzazi. Ya pili tukaichomoa usiku. Tulihakikisha kwanza amplifaya imezimwa kabla ya kugusa waya, maana nyaya mbili za spika zikigusana ikiwa inawaka inaweza kufa hapo hapo.

Voliumu nilirudisha ya herufi A, fundi mwingine akanitafutia. Kikopo cha rezista kiko nyuma ya deki kimefungwa kwa utepe. Zamani kidude kilikuwa hakivuki namba 1 na tayari mtaa mzima umejua sura gani inasomwa. Sasa usiku kinakaa kwenye 3, na mzee mwenyewe, kwa ule mkono wake mmoja mzima, hukizungusha apendavyo. Mtoto wa jirani ameanza kutambaa. Juzi mama yake aliuliza kama mzee bado asikiza kisomo, kwa kuwa yeye hakisikii tena, na alikuwa ameanza kukizoea.